Mtu mzima naye hukua: vizazi vinavyofundishana katika mji wa Goma



Katika parokia zetu tunaongea sana juu ya kulea watoto. Tuna shule ya Jumapili, tuna kwaya ya watoto, tuna mafundisho ya vijana wanaojiandaa kwa ndoa. Lakini mtu akishaoa au kuolewa, akipata watoto na kazi yake kanisani, ni kama tumekwisha kusema: huyu amemaliza kukua, kinachobaki ni kuzeeka.

Makala hii inataka kueleza kwamba mtu wa miaka 35, 50 au 70 bado yuko njiani. Akili yake, tabia yake, namna anavyobeba uchungu na namna anavyokata maneno vinaendelea kujengwa. Na moja kati ya mambo yanayomjenga zaidi ni kukaa karibu na watu ambao si wa rika lake: wale anaowafundisha, na wale wanaomfundisha. Kamba hiyo ikikatika, mtoto anapoteza, na mtu mzima naye anapoteza.

Hapa Goma kamba hiyo imevutwa na kukatwa mara nyingi, kwa vita, kwa volkano na kwa kukimbia. Ndiyo sababu inafaa tuelewe inavyofanya kazi.

Kukua kwa mtu mzima ni nini?

Erik Erikson alikuwa mtaalamu wa saikolojia, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902 na kufanya kazi yake kubwa Marekani. Katika kitabu alichotoa mwaka 1950 alieleza kwamba maisha ya mwanadamu yana hatua nane, tangu mtoto mchanga mpaka uzee. Wakati huo wataalamu wengi wa saikolojia walitazama hasa miaka ya utoto, kana kwamba mambo yote ya mtu yanaamuliwa mle. Erikson alisema kila hatua ina mtihani wake, hata ile ya mtu mwenye mvi.

Mtihani wa mtu mzima ni huu: je, atatoa nguvu zake kwa ajili ya wale wanaokuja nyuma yake, au atajifungia ndani ya mambo yake mwenyewe? Kuzaa ni sehemu tu ya jibu. Anayemfundisha kijana kushona, anayelea yatima wa ndugu yake, anayeongoza kwaya, anayepanda miti ambayo hatakula matunda yake, wote hao wanajibu mtihani. Asiyefanya hivyo, kwa maelezo ya Erikson, anadumaa. Anaweza kuwa na nyumba na pesa, lakini ndani amesimama palepale. Kisha inakuja hatua ya mwisho, mzee anapogeuka na kutazama maisha yake yote. Kama kuna kitu alichokabidhi, ni rahisi zaidi kwake kuyapokea maisha hayo kwa amani. Kama hakuna, majuto yanakuwa mazito.

Erikson alisisitiza jambo moja ambalo sisi tunalisahau upesi. Tunajua kwamba mtoto anamhitaji mkubwa. Yeye alisema mkubwa naye anamhitaji mdogo, kwa sababu mtu aliyekomaa anataka awe wa faida kwa mwingine.

Tumtazame fundi wa chukudu. Kwa miaka 20 mikono yake inachonga magurudumu bila yeye kufikiri. Siku anapompokea mwanafunzi, anaulizwa: kwa nini mti huu na si ule? Kwa nini unakata hapa? Lazima asimame na kutafuta maneno. Anagundua sababu ambazo hakuwahi kuzisema, na pengine anagundua kwamba mahali fulani amekuwa akifanya kwa mazoea tu. Halafu mwanafunzi anaharibu ubao, na fundi anajifunza kushika ulimi wake. Mwalimu yeyote wa shule ya Jumapili anajua jambo hili: somo ulilosikia mara kumi unalielewa vizuri siku unapopaswa kulieleza kwa watoto wanaouliza bila aibu.

Njia tatu za kupokea maarifa

Mwaka 1970, Mmarekani Margaret Mead, mtaalamu wa desturi za watu, alitoa kitabu ambamo alitofautisha njia tatu. Ya kwanza, watoto wanajifunza kwa wazee. Ya pili, watu wanajifunza kwa wenzao wa rika moja. Ya tatu, wakubwa wanajifunza kwa watoto. Alionyesha kwamba pale maisha yanapokwenda polepole, njia ya kwanza inatosha karibu kwa kila jambo. Pale dunia inapobadilika kwa haraka, au watu wanapohamia mahali wasipopajua, njia ya pili na ya tatu zinakuwa za lazima.

Katika parsele moja ya Goma tunaweza kuona njia zote tatu kwa siku moja. Asubuhi nyanya anamwonyesha mke wa mjukuu wake jinsi ya kumshika na kumwogesha mtoto mchanga. Mchana, kwenye soko la Virunga, wamama wanaambiana bei ya maharagi na barabara gani inapitika. Jioni, kijana wa shule ya msingi anamsomea babu ujumbe ulioingia katika simu, na kumweleza kwamba namba ya siri ya pesa haipewi mtu yeyote, hata anayejiita mfanyakazi wa kampuni. Jambo hilo la mwisho si dogo. Mzee asiyelijua anaweza kupoteza kwa dakika moja pesa aliyotumiwa na mtoto wake aliye mbali.

Volkano na mazuku

Mfano ulio wazi kuliko yote katika mji wetu ni mlima Nyiragongo. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa juu ya mlima lilipasuka na kumwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ile ilikuwa nyepesi na ya mbio sana, watu wa vijiji wakakutwa bila nafasi ya kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 mambo yalikuwa tofauti. Ardhi ilipasuka, lava ikaingia mjini, ikapita uwanja wa ndege na katikati ya mji mpaka ziwa Kivu, na watu zaidi ya 100,000 wakabaki bila makao. Tarehe 22 Mei 2021 mlima uliwaka tena jioni, na lava ikasimama Buhene, kabla ya kufika uwanja wa ndege. Siku tano baadaye, kwa sababu ya matetemeko, serikali iliagiza watu wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji waondoke.

Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1977 leo anakaribia 60. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 2002 leo ana watoto shuleni. Kila mmoja anabeba kipande cha maarifa ambacho mwingine hana. Wa 1977 anajua kwamba lava inaweza kukimbia kuliko mtu. Wa 2002 anajua ilipopita mjini, na pia kwamba ardhi inaweza kupasuka chini karibu na watu, mbali na kilele. Kijana wa 2021 anajua jinsi habari za uongo zinavyosambaa katika simu wakati wa hofu, na anajua kutafuta tangazo la Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma kabla ya kutuma ujumbe kwa wengine. Familia ambayo watu hawa watatu wameketi pamoja na kupanga njia ya kukimbilia, mahali pa kukutana na nani atambeba mgonjwa, imejiandaa vizuri kuliko familia ambayo kila mmoja anakaa na kumbukumbu yake.

Na kuna mazuku. Neno hili ni la watu wa hapa, na leo wataalamu wa volkano katika nchi nyingi wanalitumia katika maandishi yao. Ni hewa ya kabonidioksidi inayotoka ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala katika mashimo na mabonde madogo, hasa upande wa magharibi wa mji kuelekea Sake. Haina rangi wala harufu. Usiku na asubuhi mapema, kabla upepo haujavuma, inaweza kumwua mbuzi, na inaweza kumwua mtoto anayecheza shimoni wakati mtu mzima aliyesimama kando hajahisi kitu.

Wenyeji wanajua mashimo hayo kwa sababu walionyeshwa na wazazi wao. Lakini tangu mwaka 2022 watu mamia ya maelfu waliokimbia vita kutoka Rutshuru na Masisi walifika kuzunguka Goma, na wengine waliwekwa Bulengo, katika eneo lenye mazuku. Mzee wa miaka 60 kutoka milima ya Masisi anajua ng'ombe, anajua mvua, anajua udongo. Shimo hili halijui. Mtoto wa miaka 12 aliyezaliwa Bulengo analijua.

Hapo tunaelewa kwamba kizazi si hesabu ya miaka tu. Mtu mzima anayehamia mahali papya anakuwa mwanafunzi tena. Akikataa kuuliza kwa sababu ya heshima yake, anaweza kufa na wajukuu wake. Akikubali kuuliza, amepata zaidi ya habari ya mazuku: ameongeza uwezo wa kujifunza akiwa mkubwa, na uwezo huo utamsaidia katika mambo mengine ya maisha mapya.

Wazee wetu walijua kwamba ukubwa ni shule

Watu wengine wanafikiri wazo hili ni la wazungu. Sivyo. Hapa Kivu ya Kaskazini, Wanyanga wa Walikale wana hadithi ndefu ya Mwindo. Mwaka 1956 mzee msimulizi Candi Rureke aliisimulia kwa siku 12, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha, waliitoa katika kitabu mwaka 1969.

Mwindo anazaliwa akiwa na nguvu za ajabu, anatembea na kusema siku ileile. Baba yake, mfalme Shemwindo, hakutaka mtoto wa kiume na anajaribu kumwua. Mwana anakua, anamfuatilia baba yake mpaka chini ya dunia. Mtu angefikiri hadithi itaishia kwenye kisasi. Lakini Mwindo anamrudisha baba nyumbani, baba anakiri kosa lake mbele ya watu wote, na wanagawana utawala. Hata hapo Mwindo hajakomaa. Anaua joka aliyekuwa rafiki wa Nkuba, yaani Radi, naye anapelekwa juu mbinguni, anateswa na baridi, mvua na jua mpaka kiburi chake kinaisha. Ndipo anarudi na kuwa mfalme mwenye sheria na huruma.

Wanyanga waliona kwamba nguvu za kuzaliwa hazimfanyi mtu kuwa mkubwa. Anakuwa mkubwa kwa kupatana na kizazi kilichomtangulia, na kwa kukubali kurudiwa akiwa tayari ni mtu mwenye cheo.

Balega wa Kivu ya Kusini na Maniema nao walikuwa na bwami. Lilikuwa shirika lenye ngazi, na mtu mzima alipanda ngazi hizo pamoja na mke wake kwa miaka mingi ya maisha. Kwenye kila ngazi wakubwa walionyesha vitu, kama sanamu ndogo za pembe au za mti, na kila kitu kilikuwa na methali zake za kueleza tabia njema na tabia mbaya. Serikali ya wakoloni ililipiga marufuku mwaka 1948. Sisi wakristo hatuhitaji kurudisha sherehe zile ili tuone hekima iliyokuwamo: kwao, mtu wa miaka 50 alikuwa bado darasani, na cheo kiliendana na kujifunza kuishi vizuri na wengine.

Kinachokata kamba

Katika miji mingi vizazi vinatengana polepole kwa sababu ya shule, kazi na televisheni. Hapa kwetu vinatenganishwa pia kwa nguvu. Julai 1994 wakimbizi mamia ya maelfu kutoka Rwanda waliingia Goma, na kipindupindu kikaua watu maelfu. Zikafuata vita vya 1996 na 1998, kisha vita vya Rutshuru na Masisi, kisha Novemba 2012, kisha Januari 2025. Kila mara kuna nyanya aliyebaki kijijini kwa sababu miguu haikuweza, na wajukuu waliofika mjini bila yeye.

Hata wanapofika pamoja, kitu kinavunjika. Kijijini mzee alikuwa mwalimu kwa sababu ya shamba. Alijua mbegu, mipaka, majira. Goma parsele imejaa mawe ya lava, hakuna pa kulima. Kijana anayeendesha pikipiki ndiye anayeleta chakula. Mzee anakaa kimya pembeni, na watu wanasema amezeeka ghafla. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba hakuna anayemwuliza kitu tena.

Kijana naye anapoteza. Anajifunza kwa wenzake peke yao, na wenzake wana umri uleule, hofu ileile na matumaini yaleyale. Hakuna kati yao aliyewahi kuona vita vikianza na kuisha, au deni likilipwa kwa miaka kumi, au ndoa ikipona baada ya kuvunjika. Kukosa mtu aliyevuka kunamfanya kijana aamini kwamba hali ya leo haina mwisho.

Lakini mzee asiye na shamba bado ana vitu vya kufundisha. Mama aliyeona kipindupindu cha 1994 anajua kwa nini maji yasiyo salama yanaua, naye anaweza kuwasimulia wamama vijana kwa maneno ambayo hakuna karatasi inayoweza kuyasema. Mjukuu wake aliyefundishwa na wahamasishaji wa afya anajua kipimo cha klorini katika ndoo. Wakikaa pamoja, mmoja analeta sababu na mwingine analeta kipimo. Ugonjwa huo bado unarudi katika mji wetu, na mitungi ya maji bado inabebwa kutoka ziwani.

Si kila urithi ni mwema

Hapa lazima tuseme ukweli mzito. Vizazi havikabidhiani hekima tu. Vinakabidhiana hofu na chuki pia.

Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, katika Walikale, na vita vya kikabila vikaenea Masisi. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati ule leo amepita 40, ana watoto wanaomwuliza: kwa nini tulihama? Kabila lile ni watu gani? Jibu analotoa jioni ile, watoto wakiwa wanasubiri chakula, ni fundisho kamili. Anaweza kuwaambia majina ya waliochoma nyumba na kunyamaza hapo. Anaweza pia kuendelea na kusema nani wa kabila lile aliwaficha usiku, na nani wa kabila letu alichoma kwa wengine.

Kusema kisa kizima ni kazi ngumu kwa mtu aliyeumizwa, na hakuna anayepaswa kumlazimisha au kumharakisha. Lakini ndiyo kazi ya ukomavu tuliyoieleza mwanzoni. Kujali kizazi kinachokuja ni pamoja na kuchagua kitu ambacho hutakipitisha. Mzazi anayesimamisha chuki kwake amebadilika yeye mwenyewe kwanza. Mara nyingi anapata nguvu za kufanya hivyo kwa sababu mtoto ameuliza swali ambalo watu wazima wenzake hawathubutu kuuliza.

Mzee anayefundishwa na mdogo

Aibu ndiyo inayowazuia wakubwa wengi. Je, nikimwuliza kijana, ataniheshimu tena?

Maandiko yana jibu la ajabu katika kisa cha Eli na Samweli, kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya tatu. Mtoto anasikia sauti usiku lakini hajui ni ya nani. Mzee haisikii sauti ile, lakini anajua jinsi ya kuijibu. Bila Eli, Samweli angekimbia kila mara kwenye kitanda kisicho chake. Bila Samweli, Eli asingepata ujumbe. Na ujumbe wenyewe ulikuwa mchungu, ulimhusu Eli na nyumba yake. Alitaka auambiwe wote, akaupokea kutoka kinywa cha mtoto. Naamani naye, jemadari mkubwa, alipata njia ya kupona kwa sababu ya neno la msichana mtumwa. Na Musa, akiwa tayari ni kiongozi wa taifa, alifundishwa na baba mkwe wake Yethro jinsi ya kugawa kazi.

Zimbabwe inatuonyesha jambo kama hilo katika siku zetu. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, alianza kufundisha kikundi cha nyanya jinsi ya kuwasikiliza watu wenye msongo. Wanakaa nao kwenye mabenchi ya mbao nje ya vituo vya afya, wanawasaidia kuchagua tatizo moja na kutafuta hatua ya kwanza. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani ulionyesha kwamba waliosaidiwa namna hii walikuwa na dalili chache za huzuni nzito, baada ya miezi sita, kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Ugonjwa ule Washona wanauita kwa neno linalomaanisha kufikiri kupita kiasi. Goma tunasema: ana mawazo mengi. Tuangalie njia yake: wataalamu walikubali kwamba nyanya wana lugha na subira ambayo hospitali haina, na nyanya walikubali kukaa darasani na kufundishwa njia mpya wakiwa wazee. Hakuna upande uliopoteza heshima.

Parokia inaweza kufanya nini?

Kanisa ni mahali pachache mjini ambapo mtoto wa siku nane na mzee wa miaka 80 wanaingia kwa mlango mmoja. Lakini tukishaingia tunagawana: watoto huku, vijana kule, wamama Jumatano, wababa siku nyingine. Vikundi hivyo vina faida yake, tusiviondoe. Tunachohitaji ni nafasi chache zilizopangwa ili watu wa rika mbalimbali wafanye kazi moja.

Neno kazi ni muhimu hapa. Tukiwaweka wazee na vijana kwenye mabenchi na kusema ongeeni, watatazamana. Tukiwapa kitu cha kufanya, maneno yatakuja yenyewe. Haya ni mambo manne yasiyohitaji pesa nyingi:

Kwanza, ramani ya hatari ya mtaa. Wazee wanaonyesha lava ilipopita, mashimo ya mazuku, mahali maji hujaa. Vijana wanachora, wanaandika namba za simu za kuita, wanawapitia wageni waliohamia karibuni na kuwaeleza.

Pili, masomo ya kusoma na kuandika kwa wakubwa, vijana wa sekondari wakiwa walimu. Tusiache mzee awe mpokeaji tu: kila somo lianze na habari anayoisimulia mwanafunzi mkubwa, na habari hiyo iandikwe iwe ndiyo maandishi ya kusoma.

Tatu, kila fundi wa parokia, awe mshonaji, seremala au mwashi, apokee mwanafunzi mmoja asiye wa familia yake, na ikiwezekana asiye wa kabila lake. Wazee wa kanisa wawatembelee wote wawili na kuwauliza kila mmoja: umejifunza nini kwa mwenzako?

Nne, siku ya kusimulia safari. Mara moja kwa miezi mitatu, mzee mmoja aeleze alivyokimbia na nani aliyemsaidia, mbele ya vijana wa makabila yote. Mchungaji awepo ili kusaidia kama uchungu unazidi, na mtu awe huru kuishia pale anapotaka.

Katika mambo haya yote, kijana asiseme na mzee kama anasema na mwenzake. Atamwita baba, mama au mzee kama kawaida, hata wakati anamfundisha kuwasha simu. Na mzee asimchekelee kijana anapokosea. Heshima inayokwenda pande zote mbili ndiyo inayofanya aibu iondoke.

Tunawaomba viongozi wa parokia walete jambo hili katika kikao chao kijacho, na waanze na moja kati ya hayo manne. Wanaoishi upande wa Bulengo, Mugunga na Sake wangefanya vizuri kuanza na ramani, kabla familia nyingine ngeni hazijalala karibu na shimo ambalo hakuna aliyewaonyesha.